Ngoma ya Kitoto Iliyokesha Miaka 11



Wahenga walinena kwamba ngoma ya kitoto haikeshi. Walikuwa na sababu ya kunena hivyo, kwani mtoto huchoka upesi, na jambo analolianza kwa furaha jioni huliacha kabla ya jogoo la kwanza. Hata hivyo iko ngoma moja ya kitoto iliyokesha miaka 11 mfululizo katika mji wa London. Ni mchezo wa kuigiza wa nyimbo na dansi uitwao "Billy Elliot", uliofunguliwa rasmi katika ukumbi wa Victoria Palace mwezi Mei 2005, na ambao pazia lake lilishuka hapo kwa mara ya mwisho mwezi Aprili 2016. Katika muda huo wote mhusika wake mkuu, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, alichezwa na watoto zaidi ya 30 kwa kupokezana. Mmoja alipokua na sauti yake kuvunjika, alivua viatu na kumpisha mwingine.

Kwa kuwa wachezaji ni wengi na mhusika ni mmoja, watazamaji wamekuwa wakiulizana: ni nani kati yao aliyemcheza Billy vema kuliko wenzake? Kwa juujuu swali hili linaonekana kuwa la watu wanaotafuta burudani. Lakini ndani yake limejificha swali jingine ambalo kila mwalimu hukutana nalo mbele ya darasa, na kila mtumishi wa umma hukutana nalo anapojaza fomu ya kumpima aliye chini yake: je, ni haki kuwapima watu wengi kwa rula moja? Na kama si haki, je, basi hakuna kipimo kabisa?

Ili jibu lieleweke, sharti kisa chenyewe kielezwe kwa ufupi. Mchezo huu ulitokana na filamu ya mwaka 2000. Filamu na mchezo wa jukwaani vyote viliandikwa na Lee Hall na kuongozwa na Stephen Daldry, na muziki wa jukwaani ulitungwa na Elton John. Mahali ni Easington, kijiji cha wachimba makaa kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Wakati ni mgomo mkuu wa wachimba makaa, ulioanza Machi 1984, baada ya Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe kutangaza mpango wa kufunga machimbo 20 na kuondoa kazi 20,000. Serikali ya Margaret Thatcher ilisimama kidete dhidi ya wagomaji, na polisi wakapelekwa vijijini kwa wingi. Katika hali hiyo ya njaa na hasira, mtoto aliyefiwa na mama yake anatumwa kujifunza ndondi, naye anajikuta amebaki ukumbini katika darasa la baleti pamoja na wasichana. Baba yake anapogundua, anamkataza. Kwa watu wa kijiji kile, mwanamume ni mtu wa shimoni na wa ndondi, si wa kuruka kwa madaha.

Sasa itazamwe kazi anayotwishwa mtoto anayemcheza Billy. Hachezi dansi moja. Anacheza safari nzima. Kwanza, lazima aonekane hajui. Katika onyesho liitwalo "Solidarity", wagomaji na polisi wanakabiliana huku darasa la baleti likiendelea katikati yao, na mbele ya macho ya watazamaji Billy anageuka kutoka mtoto mzito wa miguu hadi kuwa mtoto aliyeanza kuelewa. Pili, mwishoni mwa sehemu ya kwanza, hasira ya kukatazwa inamlipuka kwa dansi ya kugonga viatu sakafuni, akijibamiza kwenye ukuta wa ngao za polisi. Tatu, anaota akicheza baleti ya Tchaikovsky ya mabata-maji pamoja na Billy aliyekwisha kuwa mtu mzima, na ndotoni humo anapaa hewani. Nne, mbele ya wasaili wa Shule ya Kifalme ya Baleti, anaulizwa anajisikiaje anapocheza. Maneno yanamwishia, naye anajibu kwa wimbo na dansi iitwayo "Electricity".

Hapa ndipo penye siri ya mchezo huu. Peter Darling, aliyepanga miondoko ya dansi katika filamu na jukwaani, hakuikata dansi hiyo ya mwisho kama sare ya shule yenye kimo kimoja. Aliishona upya kwa mwili wa kila mtoto. Aliyekuwa hodari wa baleti alipewa mizunguko na miruko ya baleti; aliyekuwa hodari wa sarakasi aliwekewa sarakasi; aliyetoka katika dansi za mitaani aliruhusiwa kuleta mtaa wake mbele ya wasaili. Wimbo ulikuwa ule ule, swali la wasaili lilikuwa lile lile, lakini jibu lilikuwa la mtoto mwenyewe.

Mfano bora ni wa watoto watatu waliofungua mchezo huu mjini New York mwezi Novemba 2008. David Alvarez, mzaliwa wa Montreal na mtoto wa wazazi wa Cuba, alikuwa mwanafunzi wa baleti katika shule ya American Ballet Theatre. Trent Kowalik alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia wa dansi ya Kiayalandi mwaka 2006, na alikuwa amemcheza Billy London kabla ya kuvuka bahari. Kiril Kulish alilelewa katika baleti na pia katika dansi za ukumbini za wawili wawili, ambazo alizishindania na kushinda.

Mtu akiyafikiria malezi hayo matatu, ataona kwamba kila mmoja aliingia jukwaani na utajiri wake na deni lake. Dansi ya Kiayalandi humfunza mtoto kuweka kasi yote miguuni huku kiwiliwili kimenyooka na mikono imetulia. Mtoto wa namna hiyo, inapofika dansi ya hasira, yuko nyumbani kwake. Sakafu inasema kwa niaba yake. Lakini katika ndoto ya mabata-maji, ambapo mikono na mgongo ndivyo vinavyosimulia, ni lazima ajifunze lugha nyingine. Mtoto wa baleti hali yake ni kinyume. Ndotoni yuko kwake. Ila katika maonyesho ya mwanzo ana kazi ngumu kupita zote, nayo ni kusahau kwa makusudi. Mguu uliofunzwa kunyooka kwa miaka mingi haukubali kwa urahisi kukunjika kama mguu wa asiyejua. Naye aliyezoea dansi za wawili wawili amejifunza kumsikiliza mwenzake, jambo lenye faida kubwa katika ndoto ile. Lakini katika dansi ya wasaili atasimama peke yake, bila mkono wa kushika.

Kwa hiyo hakuna aliyepewa njia rahisi. Mlima ulikuwa mmoja, ila kila mtoto alikuta mteremko wake mahali pengine.

London nako kulikuwa na mifano ya aina hiyo. Tom Holland, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Spider-Man wa sinema, aliingia katika mchezo huu mwaka 2008 akiwa kwanza rafiki wa Billy, kisha akawa Billy mwenyewe. Yeye alianzia katika darasa la dansi za mitaani, na ilibidi afundishwe baleti kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa nafasi hiyo. Kwa mtoto wa namna hii safari ya Billy haikuwa ya kuigiza tu. Alichojifunza Billy jukwaani, yeye alikuwa amekwisha kujifunza kwa jasho lake mwenyewe nyuma ya pazia.

Waliopewa kazi ya kutoa tuzo walielewa jambo hilo. Mwaka 2006, nchini Uingereza, tuzo ya Olivier ya mwigizaji bora wa kiume katika mchezo wa muziki ilitolewa kwa pamoja kwa Billy watatu wa mwanzo: James Lomas, George Maguire na Liam Mower. Mwaka 2009, nchini Marekani, tuzo ya Tony ya aina hiyo hiyo iligawanywa kwa Alvarez, Kowalik na Kulish. Tuzo moja, washindi watatu.

Wako watakaosema kwamba huo ni woga wa waamuzi. Kwamba kumpa kila mtu zawadi ni sawa na kutompa yeyote. Hoja hiyo ina uzito wake na haifai kupuuzwa. Mwalimu anayewapa wanafunzi wote alama moja ili asilaumiwe hajatenda haki. Amekwepa kazi yake. Lakini waamuzi hawa hawakusema kwamba watoto walifanana. Walikiri kwamba kazi waliyoitazama haikugawanyika, kwani nafasi yenyewe ilikuwa imejengwa ili ibebwe na watoto kadhaa kwa zamu, kila mmoja kwa nguvu zake.

Aidha, kukataa rula moja si kukataa kipimo. Kipimo kipo, nacho ni kigumu. Mtazamaji asiulize ni nani aliyeruka juu zaidi, au ni nani aliyezunguka mara nyingi zaidi kwa mguu mmoja. Aulize: je, mtoto huyu alinionyesha kutojua kwa uaminifu, bila kuwakonyeza watazamaji ili wajue kwamba anajua? Je, hasira yake ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa kitu, au ilikuwa onyesho la viatu? Je, dansi yake mbele ya wasaili ilitoka katika yote yaliyotangulia, au ilibandikwa tu ili apigiwe makofi? Mtoto anayeshinda maswali hayo amemcheza Billy, awe bingwa wa baleti au wa sarakasi. Anayeshindwa hajamcheza, hata akipaa hadi dari.

Kuna swali la mwisho, na ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Nani alilipa? Katika kisa hiki baba mtu, baada ya kumwona mwanawe akicheza, yuko tayari kuvunja mgomo na kurudi shimoni ili apate nauli ya kwenda kwenye usaili. Kwa mchimba makaa wa wakati ule, hiyo ilikuwa aibu kupita zote. Wenzake wanamzuia, kisha wanachanga senti walizonazo, wao ambao hawana mshahara. Mcheza kwao hutuzwa, wasema Waswahili. Na hapa kijiji kilichomcheka mtoto ndicho kinachomtuza, tena kutoka mifuko mitupu. Kisha mtoto anafaulu, na mgomo unashindwa. Siku anayofunga mzigo wake, wanaume wanateremka tena shimoni. Historia yenyewe haikuwa na huruma zaidi: mgomo ulimalizika Machi 1985 bila wachimbaji kupata walichokidai, na mgodi wa Easington ulifungwa mwaka 1993.

Basi dansi ya Billy ina deni ndani yake. Mchezaji anayeionyesha kama ushindi wa kipaji kimoja kilichowaacha wengine nyuma amecheza nusu ya kisa. Anayeicheza yote hubeba mwilini wale waliochanga. Hata nje ya kisa mambo ni hayo hayo: nyuma ya kila mtoto aliyesimama jukwaani palikuwa na walimu wa baleti, wa sauti na wa sarakasi, pamoja na wenzake waliompokea zamu, kwa sababu hakuna mwili wa mtoto unaoweza kuubeba mzigo huo kila usiku.

Tarehe 28 Septemba 2014 mchezo huu ulirushwa moja kwa moja kutoka Victoria Palace hadi kwenye majumba ya sinema. Billy wa siku hiyo alikuwa Elliott Hanna. Aliyecheza naye ndotoni, akiwa Billy mtu mzima, alikuwa Liam Mower, yule yule aliyekuwa miongoni mwa watatu wa kwanza mwaka 2005 na ambaye sasa alikuwa mcheza dansi kwa kazi yake. Wawili hao walicheza bega kwa bega, mmoja akiwa amekwisha kufika, mwingine akiwa njiani. Mwishoni kundi la Billy wa zamani na wa sasa lilijaa jukwaani na kucheza kwa pamoja.

Mtazamaji aliyekuwa akitafuta aliye bora aliwaona wengi wao mahali pamoja siku ile. Miguu yao haikufanana. Lakini kila mmoja alikuwa amepewa swali lile lile, akapewa na muda wa kulijibu kwa lugha ya mwili wake. Mwalimu anayempa mtoto swali gumu bila kumshushia kipimo, kisha akamwacha alijibu kwa nguvu alizonazo, amefanya kazi ile ile, japo darasani mwake hamna taa wala muziki.