ASILI YA MANENO: YALIYOUNGWA NA YALIYOKATWA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kharumwa)



Katika mikutano ya vijiji husikika usemi huu: "Serikali ni siri kali." Watu hucheka, nasi hucheka pamoja nao. Lakini mzaha huo una hasara, maana mtu aaminiye kuwa Serikali ni siri haji ofisini kuuliza haki yake. Kwa hiyo yatupasa kujua jinsi maneno yanavyozaliwa.

Maneno yatokanayo na mawili ni ya namna mbili. Namna ya kwanza huungwa yakiwa mazima. Mwenyekiti ni "mwenye" na "kiti". Wakiwa wengi twasema wenyeviti, na pande zote mbili zageuka, ishara kwamba zingali hai. Mwananchi ni "mwana" na "nchi". Na kwa kuwa Msukuma husema ng'wana kwa maana ya mwana, hata asiyejua Kiswahili sana hushika nusu ya maana upesi.

Namna ya pili hukatwa kwanza, kisha vipande vikaungwa. Chajio ni "chakula" na "jioni". Jina la nchi yetu ni la namna hiyo. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili, 1964, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule nchi ikaitwa Tanzania: Tan, na Zan, na mwisho wa -ia. Mwandishi Mwingereza, Lewis Carroll, katika kitabu chake cha mwaka 1871, alilifananisha neno la namna hii na mkoba wenye pande mbili, kwa kuwa maana mbili zimefungwa ndani ya neno moja.

Je, Serikali ni ya namna gani? Mtu ataona "siri" na "kali" zasimama kila moja peke yake, adhani amepata asili yake. Sivyo. Neno hili latoka Uajemi: sar ni kichwa, na kar ni kazi. Nalo liliungwa likiwa zima, ila kwa lugha ya kigeni. Ndipo masikio yetu yakalitafutia maana ya nyumbani. Basi kulipasua neno hakutoshi. Sharti tuulize pia limetoka wapi.

Ndugu zetu, tukiulizwa na wananchi, tuwaeleze hivyo. Lakini mchimbaji wa dhahabu akija kuuliza habari za leseni yake, akaambiwa "njoo kesho" bila sababu, hata tumfundishe Kiajemi atarudi kijijini akisema ni siri kali. Tumweleze kwanza habari za leseni yake; asili ya neno itafuata.