Jina la Mwanzilishi: Ni Tusi ao Hapana?

Masomo: Matendo ya Mitume 11:26, 1 Wakorinto 1:10-13



Tunaishi na majirani wanaofuata mafundisho ya William Branham, mhubiri Mmarekani aliyekufa mwaka 1965. Watu wanawaita «Wabranhamiste». Wao wenyewe wanasema ni waamini wa Ujumbe wa Wakati wa Mwisho. Je, kuwaita kwa jina la mtu ni kuwatukana?

Tuanze na jina letu. Kule Antiokia wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Andiko halisemi walijichagulia, linasema waliitwa. Na jina hilo linatoka kwa Kristo mwenyewe. Petro akafundisha kwamba anayeteswa kwa jina hilo asione haya (1 Petro 4:16). Basi jina la mwanzilishi, peke yake, si tusi.

Mwaka 1522 Martin Luther aliwaomba watu wasijiite kwa jina lake, maana hakusulubiwa kwa ajili ya mtu yeyote. Lakini leo Walutheri wanalibeba jina hilo kwa amani. Hapa kwetu Congo, Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba mwaka 1921, akafa kifungoni Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Jina lake limo katika jina rasmi la kanisa lake. Ukimwita ndugu Mkimbanguiste, anaitika.

Tofauti iko wapi? Iko kwa mwenye kuitwa, kama anaitika, na kwa moyo wa mwenye kuita. Jina likitamkwa ili watu wacheke, ao ili mchumba wa binti akataliwe kabla ya kuulizwa anaamini nini, hilo ni tusi.

Wapendwa, kuacha matusi si kukubali kila fundisho. Fundisho lisilopatana na Neno tulijibu kwa Neno, Biblia ikiwa wazi mbele yetu sote. Jina la kubandika halijibu kitu, wala halimleti mtu kwa Yesu. Muulize jirani: «Ndugu, ninyi mnajiitaje?» Kisha umwite hivyo.

Na sisi Wapentekoste tujipime. Paulo aliwakemea Wakorinto waliosema, huyu ni wa Paulo, yule ni wa Apolo. Leo wako wanaosema kwa majivuno: «Mimi ni wa pasta fulani.» Jina hilo hawakubandikwa na jirani; wamejibandika wenyewe.

Bwana atusaidie. Amina.