Muda Nao Ni Akiba

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii ya leo. Habari za hisa na mikopo mtazisoma katika taarifa ya Mtunza Hazina. Sisi tumeona tuseme jambo moja ambalo halimo kwenye hesabu zake, nalo ni muda.

Kama mnavyojua, wenzetu wengi ni watu wa zamu. Wapo wa kiwandani, wapo wa usafi wa hospitali, wapo walinzi. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo usiku. Kati yao wapo waliotaka kujifunza kazi ya kucha: kusafisha, kupaka rangi, kubandika, mpaka jeli. Hapa Dar es Salaam kazi hiyo si ngeni. Tumewazoea vijana wanaopita mitaani na vikapu, wakigonganisha chupa za rangi. Lakini mwenzetu akitafuta mafunzo, anaambiwa ni kila siku asubuhi, na asubuhi yeye yuko kazini. Akilipa ada, nusu ya masomo yatampita. Akiacha kazi, watoto watakula nini?

Wapo waliosema, "Kikundi hiki ni cha fedha, si cha kucha." Tukawajibu kwamba hisa anayonunua mwenzetu kila Jumamosi inatoka kwenye mshahara wa zamu, na mikataba mingi siku hizi ni ya muda mfupi. Mkataba ukiisha, na hisa imekwisha. Kumsaidia apate ujuzi wa pili ni kulinda sanduku letu wenyewe.

Basi tulifanyaje? Kwanza, kila mwenye zamu alileta ratiba yake kwenye mkutano, Katibu akaiandika kwenye daftari. Tukaona nani yuko huru siku gani. Hatukutafuta siku nzima, maana haipo. Tulitafuta saa moja, mara tatu kwa wiki. Bandu bandu huisha gogo.

Pili, tulikubaliana kwamba saa hiyo isiliwe na jiko wala watoto. Mwenzetu akifanya mazoezi, mwingine anamwangalizia watoto, na kesho anarudishiwa. Hiyo nayo tukaiita zamu.

Tatu, vifaa vilinunuliwa kwa fedha ya kikundi, vikawekwa kwenye boksi moja kwa Katibu. Anayechukua anasaini, anayerudisha anasaini. Hakuna aliyeingia deni la vifaa kabla mkono wake haujakaa sawa.

Nne, mikono ya kujifunzia ilikuwa yetu sisi. Muuza samaki alipakwa rangi, mkanda chapati alipakwa rangi, mpaka bibi zetu! Tulicheka sana. Lakini mwanafunzi alijifunza jambo moja kwa wiki nzima: wiki ya kusugua na msasa ni ya kusugua tu, wiki ya rangi ni ya rangi tu. Hivyo hata aliyetoka zamu amechoka alijua leo anafanya nini.

Jamani, tuseme na ya tahadhari. Aliyetoka zamu ya usiku alale kwanza. Usingizi na mkasi havikai pamoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaeleza kwamba kwa kawaida mfanyakazi apate saa 12 za mapumziko mfululizo kila siku, na saa 24 kila wiki, na kwamba ovataimu ni kwa makubaliano. Tuijue sheria hiyo, maana asiyejua siku yake ya mapumziko hana muda wa kuweka akiba.

Pia asetoni inashika moto upesi, kwa hiyo isifunguliwe karibu na jiko la mkaa wala mshumaa. Madirisha yawe wazi kwa ajili ya harufu na vumbi. Vifaa vioshwe kwa sabuni, kisha vipanguswe na spiriti, kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Na mkiona ukucha umekuwa mnene, umebadilika rangi au unauma, msiufunike kwa rangi. Mwambieni mwenyewe aende zahanati.

Faida ya kazi hii kwa mtu wa zamu ni kwamba inapangika. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo mteja wa jeli atarudi baada ya wiki mbili au tatu, na siku mnapanga wenyewe. Unamwambia, "Jumatano mchana nipo," naye anakuja. Mwenzetu mmoja alipoambiwa kiwandani kwamba mkataba wake hautaongezwa, alirudi mtaani akiwa na wateja wanaomsubiri. Hisa yake haikukatika hata Jumamosi moja.

Hatumwambii mtu aache kazi ya zamu leo. Mshahara ulipe chakula na hisa, na kucha zilipe vifaa vyake zenyewe kwanza. Zikianza kulipa na ada ya shule, hapo mtu akae na familia yake afikiri.

Kwa majirani na mgeni rasmi ombi letu ni dogo. Mwenye chumba chenye dirisha na taa nzuri, kisicho na kazi jioni, atuazime. Vifaa tunavyo na walimu sasa tunao wenyewe. Wapo mabinti watano wa zamu wanaosubiri saa yao moja.

Mungu awabariki wote.