Wavu Upi Ubaki, Upi Uuzwe, Upi Utolewe

Masomo: Matayo 13:47-48, Matendo ya Mitume 19:18-20, 2 Samweli 24:18-25

  

Leo tunasema juu ya jambo ambalo mama wengi hutuuliza baada ya ibada, na baba wachache pia. Mvuvi amefariki, au amezeeka, au ameacha ziwa na kushika kazi nyingine. Vyombo vyake vimebaki nyuma ya nyumba: nyavu, taa, kamba, maboya, pengine na mtumbwi. Wenye nyumba wafanye nini navyo? Wabakize nini, wauze nini, watoe nini bure? Kuna watu husema hayo ni mambo ya soko, hayahitaji mchungaji. Sisi tunaona yanalihusu kanisa kabisa. Katika rundo lile kuna chakula cha yatima, kuna ugomvi wa ukoo, na tuseme wazi, mara nyingine kuna dhambi.

Fungueni Matayo 13. Yesu anasema wavu ulipojaa waliuvuta pwani, wakaketi, ndipo wakachagua. Tulishike hilo neno la kuketi. Hawakuchagua wamesimama, wala hawakuchagua wakikimbizana. Kwetu mara nyingi kuchagua kunafanyika siku ya matanga. Mama bado yuko chini kwenye mkeka analia, na nyuma ya nyumba baba mdogo amekwisha kukunja wavu mzuri, shemeji amebeba taa mbili, kila mmoja anasema, "Hiki ni cha ndugu yangu." Siku ya arobaini mama anatoka nje, anakuta kamba zilizooza na boya moja lililopasuka.

Ndugu zetu, sheria ya nchi haisemi hivyo. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inaweka watoto wa marehemu mbele, robo tatu ya urithi ni yao. Mjane, wazazi na ndugu wa marehemu wanakuja nyuma yao, katika sehemu inayobaki. Kwa hiyo kitu cha kwanza si kuchagua. Kitu cha kwanza ni kuandika. Wazee wawili wa kanisa na mtu mmoja wa ukoo waketi na mama, watandaze vyombo vyote chini, na kila kimoja kiandikwe kwenye daftari kabla hakijatoka uani. Baba mdogo akikasirika, akasirike mbele ya daftari.

Sasa tuangalie rundo lenyewe.

Tuanze na vyombo vya ndagala. Ninyi wavuvi mnajua kuliko sisi, lakini mama wengine hawajawahi kupanda mtumbwi, tuwaelezee. Ndagala huvuliwa usiku wa giza. Mitumbwi inafungwa pamoja, wavu unashushwa chini, taa zinawashwa, samaki wanafuata mwanga, kisha wavu unapandishwa. Maana yake ni kwamba vyombo hivyo ni mwili mmoja wenye viungo vingi. Wavu bila taa haukuletei hata kilo moja, na taa bila wavu ni za kuangazia matanga tu. Basi mama, kama una mtoto wa kiume anayejua kazi, au watu wa timu ya marehemu wanaoaminika, usivunje huo mwili. Bakiza vyote. Kubalianeni kwa maandishi sehemu yako ni ipi kila wanaporudi pwani, na waanze kazi.

Hatari yenyewe ni kuuza kidogo kidogo. Leo taa moja kwa ajili ya mchele wa wageni. Wiki ijayo kamba kwa ajili ya dawa. Mwezi ujao taa nyingine kwa ajili ya minervali. Kila mara sababu ni nzuri, na kila mara bei ni mbaya, kwa sababu anayenunua kipande anajua kwamba una njaa. Hasa wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imelala pwani na nyumba hazina pesa, wanunuzi wanapita nyumba kwa nyumba. Wakati wa kufungwa kwa ziwa ni vilevile. Mnakumbuka mwaka 2024 uvuvi ulifungwa toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi 3 mizima, ili samaki wapumzike. Miezi kama hiyo ndiyo ya kutouza chombo. Kama ni lazima uuze, uza mara moja, uza vyote pamoja, na uza wakati watu wanataka kwenda ziwani.

Lakini kuna kubakiza kusikofaa nako. Nyumba nyingine zimetundika wavu wa baba ukutani, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa ajili ya kumbukumbu. Nailoni haipendi jua, na panya hawajui kumbukumbu. Wavu ambao hauna mikono ya kuuvuta si urithi tena, ni kiota. Ukitaka kumkumbuka baba, bakiza ile sindano yake ya mti ya kushonea nyavu. Inaingia katika sanduku pamoja na Biblia, na mjukuu akiuliza utakuwa na habari ya kumwambia. Marko 1 inatuonyesha Yakobo na Yoane wako mtumboni wanatengeneza nyavu wakati Yesu anawaita, kwa hiyo sindano hiyo si kitu cha kudharau.

Juu ya kuuza tutasema machache, maana soko mnalijua. Mkristo akiuza wavu anaukunjua. Haukunji akaficha viraka ndani. Anasema, "Hapa umepasuka, hapa umeshonwa mara mbili, kamba ya juu ni ya zamani." Na pesa zinazopatikana zina majina ya watoto juu yake. Ziandikwe katika daftari lilelile. Zikiingia katika likelemba, ziingie kwa jina la mama, si kwa jina la shemeji anayemshikia.

Tufike kwenye kutoa. Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wa kanisa tunapenda kutoa, na mara nyingine tunatoa vibaya. Someni 2 Samweli 24. Mfalme Daudi anataka kujenga mazabahu katika kiwanja cha Arauna. Arauna anampa kila kitu bure: kiwanja, ng'ombe, hata miti ya kuwashia moto. Daudi anakataa. Hataki kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu, na analipa shekeli 50 za fedha. Sisi tunafanya kinyume. Tunauza mzuri, tunabakiza wa kati, na ule uliooza tunasema, "Huu tumpe yule maskini, kwa ajili ya Mungu." Watu wa Mulongwe watatuelewa. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto uliposhuka na mawe yake ukabeba nyumba na watu, walioachwa bila kitu walipokea misaada ya namna nyingi. Mtu aliyepoteza kila kitu anatambua upesi ni kipi kimetolewa na ni kipi kimetupwa kwake.

Kabla ya kumtafuta maskini wa mbali, mwangalieni kijana aliyevuta kamba pamoja na marehemu miaka yote. Pengine ana deni ambalo halikuandikwa popote. Huyo akipewa wavu mzima, sisi hatuiti sadaka, tunaita mshahara uliochelewa.

Sasa kuna rundo la nne, na kwa ajili yake tulichukua somo la Matendo. Katika vyombo vya wavuvi wengi kuna chandarua, ile tunayoita mustikere, zimeshonwa mbili au tatu kuwa wavu mmoja. Kuna na ule wavu mrefu wenye macho madogo sana, wa kukokota toka majini mpaka ufukweni. Mnajua vimekatazwa. Lakini tusiseme tu "vimekatazwa", tuangalie vinafanya nini. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, lakini samaki wengi wanazaa pale karibu, kwenye mchanga na mawe, mahali watoto wetu wanapoogea. Kuhe, yule mkubwa, analinda mayai yake, dume na jike pamoja. Wengine wanabeba watoto wao mdomoni mpaka wakue. Wavu wa kukokota unapita juu ya nyumba hizo zote na kuzivunja. Mustikere inachukua hata kile ambacho bado hakijaitwa samaki. Isitoshe, nyuzi zake zina dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Mtu anayevua namna hiyo asubuhi anakula chakula cha wajukuu wake.

Nyumba iliyookoka inafanya nini na nyavu hizo? Jibu tunalolisikia mara nyingi ni hili: "Sisi hatutazitumia tena, tutaziuzia watu wa mbali." Someni Efeso. Waliokuwa wachawi walileta vitabu vyao, wakahesabu bei, ikafika vipande 50,000 vya fedha. Angalieni, walihesabu! Walijua vinauzwa, na wanunuzi walikuwako mjini. Hakuna aliyesema, "Tuviuze, pesa tumpe Paulo kwa ajili ya injili." Waliviteketeza mbele ya watu wote. Chombo cha kuharibu ukikiuza hujakiacha, umekihamisha pwani tu. Ukimpa maskini bure ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu siku wakubwa wakipita pwani atakayeshikwa ni yeye.

Kuna ndugu zetu wa Msumbiji waliofanya kazi ya namna hii kwa vyombo vikali zaidi. Vita vyao vya miaka 16 viliisha mwaka 1992. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane wa Waanglikana, lilianza kukusanya bunduki zilizofichwa majumbani na mashambani. Hawakuziuza, ingawa katika Afrika yetu wanunuzi wa bunduki hawakosekani. Walizikatakata, na mafundi wa sanaa wakatengeneza vitu kwa vipande vyake. Kiti kimoja cha mwaka 2001 kiko London mpaka leo, katika jumba la British Museum. Na kama katika rundo la baba mmekuta bunduki, hata ile ya upepo ya kupigia ndege, msiiuze gizani wala msiwaachie watoto waichezee. Leteni habari kwa wazee wa kanisa, nao watawasindikiza kwa wenye mamlaka.

Lakini angalieni jambo moja la Msumbiji. Aliyeleta bunduki hakurudi mikono mitupu. Alipewa jembe, au baiskeli, au mashine ya kushona. Hapa ndipo tunataka kusema na wachungaji wenzetu na wazee. Kuna mjane ambaye katika rundo lote amebakiwa na wavu mmoja tu, na ni ule mbaya. Watoto ni watano. Ninyi mnasimama mbele yake na Biblia, mnamwambia auharibu. Ni kweli auharibu. Lakini ninyi mmekuja na nini? Kama hamkuja na mtaji wa kununua beseni la ndagala akauze sokoni, na chumvi, na unga wa mwezi mmoja, basi mmemwambia yeye alipe peke yake utakatifu wa kijiji kizima. Sisi tunaona kanisa ambalo halijachanga lisimguse mama huyo. Lichange kwanza, likiisha kuchanga liende.

Na mkienda, msichome. Efeso walichoma vitabu, sisi tuna nailoni yenye dawa, moshi wake unaumiza kifua. Ondoeni kwanza kinachofaa: kamba, maboya na risasi za chini, hivyo havina kosa, viingie katika daftari kama mali ya mama. Wavu wenyewe ukatwe vipande vidogo visivyoshoneka tena, ufukiwe katika shimo refu, mbali na ziwa na mbali na visima. Msiutupe majini, kwa maana nailoni haiozi upesi, itaendelea kuvua bila mvuvi. Mustikere ambayo ni nzima, isiyopasuka, irudi kitandani juu ya watoto.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyepanda katika mtumbwi wa Petro baada ya usiku aliokosa samaki, uingie katika nyua ambazo nyavu zimetandazwa chini juma hili. Umpe mama nguvu ya kuketi. Uwape wazee kalamu na ukweli. Wewe unamjua yule mama wa Mboko aliyetuuliza juu ya wavu wake mmoja. Utufikishe kwake kabla ya mwezi kuandama, na mikono yetu isiwe mitupu. Amina.