Sauti Yetu kwa Fedha Yetu

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Katika miaka kumi hii tumejifunza kupima mazao yetu kwa mizani yetu wenyewe. Lakini siku hizi habari za bei hupitia katika simu, na baadhi ya vijiji vyetu bado havipati mtandao. Ndiyo sababu tuliunda kamati ya kudai mawasiliano. Swali lililobaki ni moja: nani ataigharimia?

Katika mwaka wetu wa nne, mfadhili mmoja alituletea kompyuta na mtambo wa umeme wa jua. Alipoondoka, betri zilikufa, na hapana aliyetoa senti kununua nyingine. Kila mtu alisema, "Ni vya mfadhili." Kosa lilikuwa letu. Hatukumwomba mwanachama hata shilingi moja, basi hakuviona kuwa mali yake.

Wenzetu wa Mankosi, vijiji vya Eastern Cape, Afrika Kusini, walishika njia nyingine. Kuanzia mwaka 2012 walishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape kujenga mtandao wao. Vituo viliwekwa nyumbani mwao, na umeme wa jua wa vituo hivyo ulichaji pia simu za majirani kwa malipo madogo. Mwaka 2014 waliandikisha ushirika, Zenzeleni, neno la Kixhosa lenye maana ya "jifanyieni wenyewe". Kwa sauti ya ushirika huo waliiendea mamlaka ya mawasiliano, wakapata msamaha wa leseni.

Nasi tunao mlango wa kubisha: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006. Lakini barua ya wanakamati wachache haina uzito wa barua yenye saini za wakulima wa vyama vyote vya msingi.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama atoe mchango mdogo wakati wa mauzo, kiasi chake kiamuliwe na mkutano mkuu, si na ofisi. Pili, hesabu za kamati zisomwe katika kila chama cha msingi baada ya msimu. Tatu, msaada wa nje upokelewe, ila nauli na betri, ambazo kazi hufa bila hizo, tulipe sisi.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mizani ile tuliinunua kwa michango yetu, na hadi leo hapana awezaye kututwalia. Na sauti yetu tuigharimie vivyo hivyo.