KINGA YA MWILI: CHAKULA, WASIWASI NA NDIMI ZETU

(Mawaidha yaliyotolewa baada ya swala ya Alasiri, Bujora, Mwanza)

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, mwili ni amana, na Siku ya Kiyama tutaulizwa tuliutumiaje. Leo tuitazame amana hiyo kwa upande wa virusi vya UKIMWI. Sisi wa Bujora hatuwezi kudai hatuvijui, kwani hapa jirani, Kisesa, watafiti wa NIMR Mwanza wameanza kuyafuatilia maradhi haya tangu mwaka 1994.

Virusi hivi huwashambulia askari wa mwili, na mwili nao hupambana. Mapambano yasiyokwisha huzaa uvimbe wa ndani, ambao matabibu huuita inflamesheni, mfano wa makaa yawakayo chini ya majivu. Moto huo humla mgonjwa: hamu ya chakula hupotea na nyama hupungua. Asiyekula hukosa cha kujengea askari wapya. Wasiwasi nao humnyima usingizi na humzidishia udhaifu. Hivyo matatu haya husaidiana kumwangusha.

Je, chakula peke yake chatosha? Utafiti wa Dar es Salaam uliotolewa mwaka 2004, uliohusu wajawazito 1,078 wenye virusi kabla ya ARV kuenea, ulionesha kuwa vitamini za B, C na E zilichelewesha maradhi. Zilichelewesha, hazikuponya. Kisha, baina ya 2011 na 2013, wagonjwa 1,815 waliokonda sana, wa Mwanza na wa Lusaka, Zambia, walianzishiwa ARV na kupewa lishe. Baadhi yao wakaongezewa vitamini na madini kwa wingi. Nyongeza hiyo haikupunguza vifo. Ni funzo kwetu: aliyechelewa mno haokolewi na kopo la vitamini.

Na nini humchelewesha? Mara nyingi ni ndimi zetu. Huogopa kuonekana kliniki, huficha vidonge, kisha humwendea anayemwahidi uponyaji kwa sharti aache dawa. Huko si kutawakali. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kujitibu, na alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Yeye mwenyewe alikuwa akiomba kinga kwa Allah dhidi ya hamu na huzuni. Basi mwenye wasiwasi asiambiwe kuwa hana imani.

Kwa hiyo, kwanza, tupime mapema. Tangu mwaka 2016 utaratibu wa nchi yetu ni kumwanzishia dawa kila atakayekutwa na virusi, bila kungoja adhoofike. Pili, mgonjwa ale alichoruzukiwa: dagaa na sato wa ziwa letu, kunde, karanga, mchicha, matobolwa. Tatu, Ramadhani isiwe sababu ya kukatiza dawa. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa, naye amuulize tabibu wake. Nne, tukimzuru mgonjwa tumpelekee sahani ya chakula, tusimpelekee maswali. Na tukitoka kwake, siri yake ibaki kwake. Kusengenya ni haramu, na hapa kwaweza kuua.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, uwaondolee hofu, na uzihifadhi ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.