UWEKEVU NYUMBANI: VITU VIKUUKUU NA KAZI MPYA

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hesabu za Chama zimekwisha kusomwa, nasi sote tumesikia jinsi fedha zinavyotumika kwa mazishi, karo za watoto na matibabu ya wagonjwa. Mimi sitasema juu ya fedha zilizokwisha kuingia katika sanduku la Chama, bali juu ya zile zinazopotea nyumbani kabla hazijafika humo. Nyingi hupotea jaani, pamoja na vitu tunavyovitupa hali bado vina nguvu ya kufanya kazi.

Kwanza yafaa tutenganishe maneno mawili, uwekevu na ubahili. Bahili huwanyima watu wake. Mwekevu hulinyima jaa ili watu wake wapate. Wako wanaoona haya kushona kiraka au kutumia mkebe mara ya pili, wakidhani majirani watawacheka. Lakini wahenga walitwambia, Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mfano mwema tunao katika leso. Ikiwa mpya, mama huivaa arusini. Ikianza kupauka, huivaa jikoni na shambani. Ikilainika, huwa mbeleko na nepi ya mtoto mchanga, maana pamba iliyofuliwa mara nyingi haimchubui ngozi. Ikichanika, hukatwa vitambaa vya kushikia sufuria. Na mwishowe huwa tambara la kupigia deki. Leso imefanya kazi tano, na imenunuliwa mara moja. Utaratibu huo ndio ninaowaomba tuufuate katika vitu vingine: kitu kishuke daraja moja moja, kisirushwe kutoka juu hadi jaani.

Hali kadhalika shuka. Shuka huchakaa katikati, mahali pa kulalia, na kandokando hubaki nzima. Ikateni katikati kwa urefu, mziunganishe zile kingo mbili za nje kwa mshono bapa, na sehemu zilizochakaa ziwe pembeni, zikunjwe chini ya godoro. Na shati likilika kola, fundi aweza kuifumua na kuigeuza, upande wa ndani ukawa nje.

Nije kwa gunia na mkebe. Wengi wetu tunaoishi mjini hatuna hata kipande cha kulima, lakini mahali pa kusimamisha gunia moja hapakosekani. Changanyeni udongo sehemu 2 na samadi iliyooza sehemu 1. Chukueni mkebe mkubwa uliokatwa juu na chini, msimamishe katikati ya gunia tupu, mjaze kokoto ndani ya mkebe na udongo pembeni mwake. Kisha uvuteni mkebe juu, mjaze tena, mpaka gunia lijae. Kokoto zile zitasimama kama nguzo, na maji yakimwagwa juu yatapita humo yafike hata kwenye mizizi ya chini. Toboeni matundu ubavuni mpande miche ya sukuma wiki, na juu mpande vitunguu. Maji yaliyooshea mchele na mboga yafaa kunyweshea.

Makaa na kuni nazo hula mfuko kila siku. Chukueni kapu kuukuu au katoni nene, mlitandike ndani mablanketi yaliyochakaa, pande zote na chini, na mshone mto wa vitambaa uwe kifuniko. Wali ukichemka dakika 5, funikeni sufuria barabara, mwiingize kapuni na kuifunika kwa ule mto; baada ya muda wa saa 1 utakuwa umeiva bila moto. Maharage yalowekwe usiku kucha, yamwagwe maji yale, yachemshwe kwa nguvu nusu saa, ndipo yakae kapuni saa 4, na yachemshwe tena kabla ya kuliwa. Msiyatie kapuni kabla ya kuchemka sana, maana maharage mabichi yana sumu inayoumiza tumbo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na tangu hapo kiondo kimepata tena heshima yake. Lakini chupa za plastiki bado tunazo tele. Chupa ya maji au ya soda, isiyo na rangi na isiyozidi lita 2, ioshwe vizuri na karatasi yake ibanduliwe. Ijazeni maji yasiyo na tope, mwilaze juu ya bati katika jua kali kwa saa 6, au kwa siku 2 ikiwa mawingu yametanda. Mwanga na joto la jua huua vijidudu vinavyoleta kuhara. Lakini kumbukeni kwamba jua haliondoi sumu ya madawa.

Na hapo, mabibi na mabwana, ndipo penye shina la maneno yangu. Uwekevu usio na hadhari waweza kuleta msiba, na sanduku la Chama likafunguliwa kwa jambo tusilolitaka. Chombo hakisahau kilichobeba. Kabla ya kukipa kazi mpya, tujiulize maswali matatu: Kilikuwa na nini? Sasa kitawekwa nini? Na mtoto akikikuta, atadhani ni nini?

Mtungi wa plastiki uliokuwa na dawa ya kunyunyizia mimea au ya kuogeshea ng'ombe usitiwe maji, maziwa wala unga, hata ukioshwa mara ngapi. Utoboeni usitumike tena na mtu yeyote. Ndoo ya rangi isiwe ya maji ya kunywa. Betri kuukuu ya gari isivunjwe wala kuyeyushwa uani kwa ajili ya risasi yake, maana madini hayo hudhuru akili za watoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini fedha haziwezi kumrudishia mtoto afya yake.

Tena msitie mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Aijua chupa kwa umbo lake, naye akiwa na kiu atakunywa. Ikitokea hivyo, msimtapishe, wala msimpe maziwa ili atapike, maana mafuta yakipanda huingia mapafuni. Mpelekeni hospitali mara moja. Mafuta yawekwe katika chombo chake, kifungwe, kiwe mbali na mkono wa mtoto.

Mwisho nasema juu ya senti zenyewe. Mtu akiokoa shilingi 10 kila siku kwa makaa na mboga, kwa mwaka ameokoa shilingi 3,650. Fedha hizo zisipowekwa mahali, zitapotea kama zilivyokuwa zikipotea. Bandu bandu huisha gogo, nayo haba na haba hujaza kibaba. Basi nashauri kila nyumba iwe na mkebe wa akiba, uliotobolewa tundu juu, na kila mwisho wa mwezi ufunguliwe mbele ya mume na mke, fedha zipelekwe zinakohitajika: karo, ada ya Chama, au akiba ya ugonjwa. Na waume msidhani kwamba kazi hii ni ya wake peke yao. Mwenye kuona mkebe ukijaa ndiye atakayesita kuutoboa kwa upuuzi.

Wazee wangu, ninyi mliwalea watoto kwa vitu vichache na hamkutupa kitu. Nawaombeni muwafundishe vijana wetu hayo, pamoja na hadhari zake.